Bibi, wajukuu na maji yanayotokota

Hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani ilianzishwa mwaka 1872 na inahesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Ina chemchemi za maji moto, mashimo ya tope linalochemka na matundu ya mvuke zaidi ya 10,000. Ukizisoma habari hizo nyumbani unawaza uzuri tu. Ukifika pale na mtoto wa miaka mitano asiyetulia, unawaza mengine kabisa.

Tulikuwa sita: kaka yangu anayeishi Denver, wifi, watoto wao wawili, mimi, na mama yetu aliyetoka Tanga kuwaona wajukuu. Kaka alikodi gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani. Haikuwa anasa. Mama anasumbuliwa na magoti na usiku huamka mara mbili tatu, hema asingeliweza. "Choo ndani ya gari?" aliuliza kwa mashaka. Nusu saa baadaye alikuwa ameshapanga vikombe kabatini na kutangaza kwamba jikoni asiingie mtu.

Barabara kuu ya hifadhi imezunguka mfano wa namba nane, urefu wa kilometa 229 hivi, na gari kubwa namna ile halitaki haraka. Kambi tuliyolala, Fishing Bridge, hairuhusu mahema kwa sababu ya dubu. Ni magari yenye kuta ngumu tu. Sheria hiyo Mama aliipenda kuliko zote. Simu nazo karibu muda wote hazikuwa na mtandao, na kijana wetu wa miaka 15, ambaye Denver huongea na bibi yake kwa kutikisa kichwa, akajikuta anafundishwa kukuna nazi ya kufikirika.

Shida ilianza tuliposikia harufu ya yai viza. Wote waliziba pua isipokuwa Mama. "Galanosi hii!" alisema, akikumbuka maji ya kiberiti ya kule Amboni ambayo watu wa Tanga huogea kutibu ngozi. Akataka ashuke atie magoti.

Lakini maji ya Yellowstone hupashwa na joto la mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Kwenye mwinuko ule wa zaidi ya mita 2,000, maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, na madimbwi mengi yako karibu na hapo. Ardhi ya pembeni huonekana ngumu, kumbe ni ganda jembamba. Watu zaidi ya 20 wamekufa kwa kuungua humo tangu hifadhi ianze kutunza kumbukumbu. Ndiyo maana wageni hupita juu ya njia za mbao, na sehemu nyingi njia hizo hazina uzio.

"Mnanifundisha mimi maji moto?" Mama alimjibu kaka. Hakuna aliyethubutu kubishana naye. Kilichomnyamazisha ni kibao chenye picha ya mtoto aliyetumbukia, mvuke ukimzunguka. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua leso yake ya begani, akaifunga kiunoni mwa mjukuu mdogo, ncha ya pili akaizungusha kwenye kiganja chake. Mtoto alilia, watalii wakatazama, wifi akaona haya kidogo. Mimi niliona ndiyo akili kubwa kuliko zote za safari ile.

Hivyo ndivyo walivyofika Old Faithful, chemchemi inayorusha maji juu kila baada ya dakika 90 hivi. Yaliporuka, mtoto alisahau kulia, na Mama akasema tu, "Subhanallah."

Usiku kaka alichemsha maji kwenye jiko la gesi, akayapoza, akatia chumvi kwenye beseni. Mama akakanda magoti yake mlangoni mwa gari, leso ikiwa imeanikwa kwenye kioo cha pembeni.