Kwa Nini Wapenzi Hawa Hawapewi Muda?

Anayetazama tamthilia za fantasia anajua kwamba joka hupewa muda. Tunaliona likitoka kwenye yai, likikua, likijifunza kuruka na kutema moto. Vita vya kugombea kiti cha enzi huchukua misimu mizima. Lakini wanawake wawili au wanaume wawili wakipendana, mambo huenda mbio: leo wanatazamana, kesho wanabusiana, keshokutwa mmoja wao amekufa. Tumeijadili sana haraka hii klabuni, na tumeona tuwaletee wasomaji wetu hoja zetu.

Tuanze na House of the Dragon. Msimu wake wa 2, uliotoka 2024, ulikuwa na sehemu 8. Katika sehemu ya 6 Rhaenyra na mshauri wake Mysaria wanakumbatiana, wanabusiana, wanakatizwa, basi. Sehemu mbili zilizobaki zinarudi kwenye vita, na busu lile linabaki linaning'inia. Katika Supernatural, malaika Castiel aliingia kwenye hadithi mwaka 2008. Alisubiri hadi Novemba 2020 kumwambia Dean kwamba anampenda, na papo hapo akachukuliwa na mauti. Na katika The 100, tamthilia ya dunia iliyoharibiwa na mabomu ya nyuklia, Lexa alipigwa risasi Machi 2016, dakika chache tu baada ya kulala na Clarke kwa mara ya kwanza. Watazamaji walikasirika, lakini hawakuishia kulalamika: walichangisha zaidi ya dola 100,000 kwa shirika la Marekani linalowasaidia vijana wanaofikiria kujiua.

Mwenzetu mmoja alipinga: mapenzi ya mwanamume na mwanamke nayo huharakishwa kwenye televisheni. Ni kweli. Lakini hayo yako mamia. Moja likiharibika, unabadilisha chaneli na kupata jingine. Mwenye mifano miwili tu hana pa kuhamia.

Kwa nini basi haraka? Jibu moja ni woga. Mtayarishaji anataka kuwafurahisha wanaodai kuonekana, bila kuwaudhi wasiotaka kuwaona. Anaweka busu fupi, jambo ambalo likikatwa hadithi haitikisiki. Sisi tunaona kwamba hesabu hiyo haimlipi, na mfano wetu unatoka Afrika Mashariki.

The Legend of Korra ni katuni ya fantasia iliyomalizika Desemba 2014. Katika picha zake za mwisho kabisa, Korra na Asami wanashikana mikono na kutazamana. Hakuna busu wala neno la mapenzi. Watunzi walieleza baadaye kwamba hao wawili ni wapenzi kweli, na kwamba kituo cha televisheni kiliwaunga mkono lakini kulikuwa na mpaka wasioweza kuuvuka. Basi wakafupisha. Juni 2017, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga marufuku katuni sita kwa madai kwamba zinaeneza ushoga kwa watoto, na Korra ilikuwa mojawapo, pamoja na Steven Universe na Adventure Time. Kushikana mikono kwa sekunde chache kulitosha. Mapenzi yalifupishwa kwa kuogopa rungu, na rungu likashuka vilevile.

Linganisha na Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu. Si fantasia wala si tamthilia ya televisheni, lakini inafaa kuwekwa kando ya hizo kama kipimo. Ina dakika zisizofika 90, na ndani yake Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wapinzani wa Nairobi, wanapata nafasi ya kuoneana haya, kutaniana, kunywa soda, kuogopa wazazi, kupigwa, kutengana na kutafutana tena. Mei 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Mwezi mmoja kabla, bodi ileile ilikuwa imeipiga marufuku. Kahiu amesimulia kwamba alitakiwa kubadilisha mwisho kwa kuwa una matumaini mno. Alikataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiondolea marufuku kwa siku 7, na kumbi za Nairobi zikajaa.

Yote mawili yalipigwa marufuku, lililofupishwa na lisilofupishwa. Tofauti ni kwamba aliyeitazama Rafiki aliondoka anawajua watu wawili.

Kwetu Brussels jambo hili linaweza kuonekana la burudani tu. Ubelgiji iliruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2003, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Picha mbaya ya televisheni hapa inasahihishwa na jirani, na mwalimu, na jozi ya wazee wanaonunua ndizi Matonge. Lakini binamu zetu wanatazama tamthilia hizohizo kwenye simu. Uganda, sheria ya 2023 imeweka kifungo cha maisha, na hata kifo kwa baadhi ya makosa. Kijana wa Kampala huenda hana picha nyingine ila ile ya kwenye kioo cha simu. Ikimwonyesha kwamba mapenzi ya namna hii ni tamaa ya usiku mmoja inayofuatwa na jeneza, nani atamwambia vingine?

Hatukubaliani klabuni kuhusu kila kitu. Tuna Waislamu, Wakatoliki, Walokole na wasio na dini, na baadhi wangependa hadithi hizi zisiwepo. Tulichokubaliana ni kidogo: hadithi ikiamua kumweka mtu ndani yake, imweke mzima. Interview with the Vampire, iliyoanza 2022, inaweza hilo. Louis na Lestat wanapendana, wanagombana, wanadanganyana na kuumizana kwa misimu, na ukiwaondoa hadithi yote inaanguka.

Lugha yetu nayo ina la kusema. Kifaransa kinatulazimisha kuchagua il au elle, Kiholanzi hij au zij. Kiswahili kinasema tu "anampenda". Ukimsimulia bibi yako hadithi kwa Kiswahili, anajua kwanza kwamba kuna anayependa na anayependwa. Mengine atauliza mwenyewe. Hata neno "shoga", ambalo leo wengi hulitupa kama tusi, kwa wanawake wa Pwani ni jina la rafiki wa kike wa karibu.

Wanachama, walimu, tunawaomba mtuandikie kwa toleo lijalo: ni tamthilia gani mliyoona imewapa wapenzi hawa muda wao? Semeni pia ni sehemu ya ngapi mlipoanza kuwaamini.