Msimbazi Una Mapana Mawili

Wakati wa kiangazi, Mto Msimbazi unapopita Kinyerezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, huonekana mwembamba: maji kidogo, mchanga mwingi, nyasi pande zote mbili. Ukimwambia mgeni kwamba uwanda wote ule wa nyasi nao ni mto, atashangaa. Mwache atembee humo polepole. Miguu yake itamthibitishia.

Ukingoni unakanyaga mchanga. Ukiingia kwenye nyasi, mchanga unapungua. Ukizidi kwenda, udongo unakuwa mweusi na wa kunata. Mpangilio huo ni kazi ya mafuriko. Mto uliojaa ukishavuka kingo zake, maji hutawanyika na kupoteza kasi. Chembe nzito za mchanga huanguka kwanza, karibu na ukingo. Tope jepesi huchukuliwa mbali, likatua pale maji yanapotulia. Masika baada ya masika, tabaka juu ya tabaka, ndivyo uwanda ulivyosawazika.

Matete na nyasi nazo zina kazi. Mashina yake huyazuia maji yasikimbie, na mizizi inapooza huacha vijia vya kuyapeleka chini ardhini. Ndani ya udongo uliolowa, bakteria waliokosa oksijeni huitumia naitreti iliyotoka vyooni na kwenye mbolea, wakaigeuza gesi ya naitrojeni, ileile iliyojaa katika hewa tunayovuta. Lakini metali nzito za viwandani haziozi wala haziyeyuki hewani. Hubaki kwenye tope, na mchicha unaolimwa humo unaweza kuzifyonza. Uwanda husafisha mengi, ila si yote.

Sasa fikiria paa moja la mita za mraba 100. Mvua ya milimita 50 humwaga juu yake lita 5,000, sawa na ndoo 250 za lita 20. Kwenye nyasi, sehemu kubwa ya maji hayo ingezama taratibu. Kwenye bati, saruji na lami, yote hukimbilia mtoni kwa pamoja, tangu miinuko ya Pugu hadi Jangwani. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mto haukuwa umevamia mtaa wa mtu. Ulikuwa umerudi kwenye upana wake wa masika.

Kwa hiyo kila uwanda wa nyasi uliobaki kando ya Msimbazi unastahili kulindwa kama tunavyolinda daraja. Na kama umeonyeshwa kiwanja cha bei nafuu bondeni, usiridhike na maneno ya dalali. Tazama miti. Mifuko na matambara yaliyonasa kwenye matawi, pengine juu ya kichwa chako, ndiyo alama ya maji yalipofika.