Gololi Inapokimbilia Mlangoni

Weka gololi katikati ya chumba, uiachie. Ikikimbilia mlangoni, usimwite fundi wa vigae bado.

Jirani yangu aliamua kugeuza banda la gari kuwa chumba cha kupangisha. Sakafu ni ya zege, mita 3 kwa 5, imelala kuelekea langoni kwa sentimita 5. Fundi wa kwanza alitaka kuumeza mteremko huo kwa gundi ya vigae: huku nyembamba, kule nene. Gundi ya kawaida ni ya milimita chache tu. Ukiirundika, hunywea ikikauka, na kigae hubaki na uwazi chini. Ukikigonga kinalia kama debe. Siku kitanda kinapoburutwa, kigae kinapasuka.

Fundi wa pili, mzee asiye na haraka, alianza kwa kuuliza: mteremko huu uliwekwa au umetokea? Banda la gari hulazwa makusudi ili maji yatoke, kwa hiyo hapo hakuna ugonjwa. Ila sakafu iliyokuwa sawa ikizama upande mmoja na ukuta ukapata ufa, huenda kifusi chake hakikushindiliwa. Kuirundikia zege ni kuiongezea mzigo tu.

Kisha akatoa mpira mwangavu, akaujaza maji na kufukuza viputo vyote vya hewa, akazungusha alama kuta zote nne. Pima maji ni fupi mno kwa mita 5, na kosa dogo hujirudia kila unapoisogeza.

Kazi ya kuchosha ilifuata: madoa ya oili yakasuguliwa, zege ikachokonolewa kwa tindo ili ishike. Ikapakwa niru ya saruji, na kabla haijakauka ukamwagwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga mara tatu. Ndani kabisa unene ulikuwa sentimita 2.5, kwa kuwa ukingo mwembamba humeguka; langoni 7.5. Jumla ni robo tatu ya mita ya ujazo, karibu tani moja na nusu. Ingekuwa ghorofani, ningemtafuta mhandisi kwanza.

Wiki nzima sakafu ilimwagiliwa maji, halafu ikaachwa ikauke. Kabla ya vigae mzee alibandika kipande cha nailoni sakafuni usiku kucha; asubuhi kilikuwa na jasho, akaahirisha tena.

Jirani alilalamikia kodi inayopotea. Mlango wa chuma nao ulishaletwa, umepimwa kwa sakafu ya zamani. Ukarudi kwa mchomeleaji kupunguzwa sentimita 9, vigae vikiwemo.