Samaki Mgeni na Aulizwe Kwanza

Mwezi uliopita mzee mmoja wa upande wa Yala alifika ofisini mwetu Kisumu. Analo bwawa la nyamami, na nyamami wake wamezaana mno hata wote wamebaki wadogo kama kiganja, hawauziki. "Mwalimu," akaniambia (wananiita hivyo bado, ingawa chaki niliiacha zamani), "niandikie barua nipewe mbuta wachanga kumi niwatie bwawani, wawapunguze hawa." Nikamwuliza bwawa liko wapi. Akasema liko bondeni, ukingoni mwa mafunjo, na mvua kubwa ikinyesha maji ya kinamasi hulifikia.

Barua sikuandika. Nilimketisha nikamweleza habari za mbuta, nazo ni hizi.

Mbuta si mwenyeji wa ziwa letu. Kwao ni mto Nile na maziwa kama Albert na Turkana. Bwana Michael Graham, aliyelipima ziwa Victoria na uvuvi wake mwaka 1927 na 1928, alionya katika taarifa yake ya 1929 kwamba samaki mkubwa mla samaki asiletwe kabla ya kuchunguzwa sana. Lakini kufika miaka ya 1950 ngege walikuwa wamepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, na ziwa lilijaa fulu, samaki wadogo wenye miiba na bei ndogo. Basi baadhi ya maofisa wakasema: tulete mbuta awale fulu, nasi tumle mbuta. Ni hesabu ile ile ya mzee wangu, ila bwawa lao lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika kulipinga jambo hilo. Mwaka huo huo mbuta alikwisha kuonekana upande wa Jinja, na mwaka 1962 na 1963 wengine wakatiwa kwa idhini ya serikali, Entebbe na hapa Kisumu.

Kisha kwa miaka mingi hakukuwa na kishindo, na mtu angeweza kusema kwamba waonyaji walikuwa waoga tu. Yapata mwaka 1980 nyavu za ghuba yetu ya Winam zikaanza kuja zimejaa mbuta, na fulu hawapo. Hapo kwanza fulu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote ziwani. Walikuwa aina zipatazo 500, na inakisiwa kwamba kama 200 zimetoweka kabisa.

Sitaki kumsingizia mbuta. Minofu yake ilipelekwa Ulaya, viwanda vikajengwa, na wako watu waliopata nyumba za bati kwa ajili yake. Ila mama aliyezoea kununua fulu kwa senti chache alibaki na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa iliyotoka kiwandani, vitu vinavyokaangwa na kuuzwa pale Obunga. Tena fulu alikaushwa juani bure, lakini mbuta ana mafuta, hutaka moshi na kuni, na miti ya ufukoni ililipa deni hilo.

Siku hizi wataalamu humhoji samaki mgeni kabla hajaletwa. Wanayo orodha ya maswali 49, ambayo asili yake ilikuwa Australia kwa ajili ya magugu ya shambani, kisha huko Uingereza ikageuzwa ifae samaki. Je, hali ya maji yafanana na ya kwao? Anakula nini? Amewahi kuharibu mahali pengine? Mhoji mbuta hivyo: anakula samaki, hata watoto wake mwenyewe, jike hutaga mayai mamilioni, hali ngege hutaga mamia tu na kuyalea kinywani. Swali ninaloliona mimi zito kuliko yote ni hili: akishaingia, nani atamtoa?

Mzee alinyamaza kidogo. Nikamwambia kwamba hata nyamami wake ni wageni, walitiwa ziwani miaka ya 1950, na huweza kuzaana na jamaa zao mpaka ukoo wa wenyeji ukachanganyika. Huko kwake hatari ni kubwa zaidi, maana katika kinamasi cha Yala liko ziwa dogo Kanyaboli, ambamo ngege na mbiru, waliokaribia kwisha katika ziwa kuu, wangali wapo. Mafunjo na maji yenye hewa haba ndiyo yaliyomzuia mbuta asifike huko. Ndoo moja ya mtu inaweza kuruka ukuta huo.

Bwana Samaki wetu (naye ni Bibi) akamshauri akaushe bwawa, ainue kingo, aweke wavu wa matundu madogo penye bomba la kutolea maji, kisha atie vifaranga dume watupu, wasizaane. Na kama anataka mla samaki, basi achukue mumi wa mto ule ule.

"Na hawa wadogo niwamwage mtoni?" akauliza mzee.

"Hapana, Mzee. Waanike, mle nyumbani."

Akaondoka akihesabu vidoleni watu wa nyumbani kwake.