Upigaji Hauanzii Dodoma: Angalia Ekari Zako Kwenye Daftari la Ruzuku

Kila mwaka ikifika Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ikishatua bungeni, hapa Mabatini kila kijiwe cha kahawa kinakuwa ofisi ya ukaguzi. Mabilioni yanatajwa, wabunge wanarushiana maneno, na mkulima anaguna, anasema "wanatupiga hawa", kisha anarudi kwenye matembele yake kando ya Mto Mirongo. Leo naomba tuongelee upigaji unaopita mikononi mwetu wenyewe. Najua wengi wenu mnalala hapa mjini lakini mahindi yenu yako Magu, Misungwi au Kwimba, na huko ndiko jina lako liko kwenye daftari la mbolea ya ruzuku. Ruzuku ni hela ya serikali. Kutoka Hazina mpaka kwenye shimo la mbegu inapita kwenye orodha ya majina, na orodha ndiyo mahali rahisi kuliko pote pa kuibia.

Tukumbuke watumishi hewa. Machi 2016 Rais Magufuli, akiwaapisha wakuu wa mikoa, aliwapa siku 15 kuwasaka. Jirani zetu wa Shinyanga wanakumbuka vizuri: mkuu wa mkoa alitoa taarifa kwamba mkoani kwake hakuna hewa hata mmoja, ukaguzi ukarudiwa, wakapatikana 45, na kazi yake ikaishia hapo Aprili hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, Aprili 2017, ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wapo waliokata rufaa, na wapo waliosafishwa baada ya kuhakikiwa upya.

Hapo mjadala ukagawanyika, na haujaisha mpaka leo. Wengine wanasema dawa ni kutumbua tu, haraka, bila huruma. Wengine wanasema aachiwe mkaguzi afanye kazi yake, Bunge lifuatilie hoja moja moja. Lakini 2019 tuliona Bunge lenyewe likiazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alitamka kwamba Bunge lina udhaifu. Mimi ni mtumishi wa umma, siasa nawaachia wenyewe. Ninachojua ni kwamba mtumbuaji na mkaguzi wote wanafika mezani wakati hela imeshaliwa. Aliyekuwepo hela inapoliwa ni mtu wa kijijini, na mara nyingi aliona.

Chukua mfumo wa vocha uliokuwepo kuanzia 2008 mpaka 2014. Kaya iliyochaguliwa ilipata vocha tatu: ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia, na ya mbegu ya mahindi au mpunga. Serikali inabeba nusu ya bei, mkulima nusu. Orodha ya wanufaika inapita kwenye kamati ya vocha ya kijiji. Kwenye karatasi, safi kabisa. Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walipopima mkoani Kilimanjaro, walikuta kaya za viongozi wa kuchaguliwa wa vijijini zimechukua kama asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa. Asilimia 60, jamani! Na hapo hajatajwa waziri wala katibu mkuu.

Halafu kulikuwa na biashara ya sahihi. Mkulima hana hela ya kulipia ile nusu yake. Wakala anamwambia, "Mama, saini hapa, chukua hii ya sabuni." Mama anasaini vocha zote tatu, anaondoka na noti, vocha inakwenda benki kana kwamba mifuko imetoka dukani. Serikali imelipa, shamba halijaona hata punje. Baadaye mawakala walipodai malipo yao ya misimu ya mwisho, ikabidi yafanyike mahakiki marefu kutenganisha madai ya kweli na ya kughushi. Wakala mwaminifu aliyekopa benki ili akuletee mbolea naye alisubiri kwenye foleni hiyo hiyo, wengine mpaka wakafilisika. Hasara hiyo ndiyo hatuihesabu tunaposikia neno "ubadhirifu".

Sasa tuje kwenye mfumo wa sasa. Agosti 2022, kwenye Nane Nane kule Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku mpya, na bajeti ya msimu ule ilikuwa Sh bilioni 150. DAP iliyokuwa imefika Sh 131,000 na zaidi ikashushwa hadi 70,000 kwa mfuko wa kilo 50. Urea kutoka kama 124,000 nayo 70,000. Karatasi za vocha zimeondoka. Unasajiliwa kijijini, unapata namba yako, unakwenda nayo kwa wakala, na alama ile ya mraba yenye vidoa iliyoko kwenye mfuko inasomwa kwa simu. Ni mfumo mzuri kuliko ule wa zamani, sina shaka. Ila kompyuta haijui shamba lako lina ukubwa gani. Inajua kilichoandikwa.

Fanya hesabu hii na mimi. Una ekari 2 za mahindi. Kwa ushauri wetu wa kawaida wa mfuko mmoja wa DAP kupandia na mmoja wa urea kukuzia kwa kila ekari, unahitaji mifuko minne. Mtu akiandika 20 badala ya 2 (sifuri moja tu!) jina lako linabeba mifuko 40. Ile 36 ya ziada siyo yako na huitaki. Kwa bei za 2022, ruzuku ilikuwa kama 61,000 kwenye DAP na 54,000 kwenye urea. Mifuko 18 ya kila aina inakuwa zaidi ya Sh milioni mbili, kwa jina moja, kwa sifuri moja. Mbolea hiyo inauzwa bei kamili kwa mtu ambaye hakusajiliwa, au inavuka mpaka. Ukija kuulizwa, aliyenunua ni wewe.

Mama mmoja wa hapa mtaani kwetu, mwenye shamba nje ya jiji, alifika kwa wakala akaambiwa mgao wake umeshachukuliwa. Alikuwa amempa kijana namba yake "amsaidie kufuatilia". Alipanda bila mbolea mwaka huo. Kwenye udongo wetu wa kichanga unajua mwenyewe magunzi yanavyokuwa.

Kwa hiyo kabla mvua za vuli hazijaanza, usisubiri foleni ya Novemba. Nenda kijiji lilipo shamba, siyo hapa mtaani, umwombe mtendaji akuoneshe taarifa zako: jina, namba ya simu, zao, na ekari. Kama umepunguza shamba au umeuza, sema lipunguzwe. Laini ya simu uliyosajilia iwe ya kwako, siyo ya shemeji. Namba yako usimwachie wakala hata kama mmezoeana vipi. Ukinunua mifuko miwili, hakikisha iliyoingizwa ni miwili, uondoke na risiti. Na kwenye mkutano mkuu wa kijiji omba orodha isomwe kwa sauti, majina pamoja na ekari zake. Majirani wanajua nani ana ekari ngapi na nani alishafariki, kuliko mkaguzi yeyote kutoka Dodoma. Mtendaji akikupiga chenga, panda kwa afisa kilimo wa kata, kisha halmashauri. Ukiona bado, TAKUKURU namba 113, kupiga ni bure.