Mbiu ya Kalisi: Bitana ya Mishipa ya Damu Inavyoitikia Jeraha

Aghalabu hudaiwa kwamba Kiswahili kinatosheleza ushairi na siasa, ila si maabara. Dai hilo halijibiwi kwa makongamano. Hujibiwa kwa kuitwaa mada ngumu na kuieleza. Makala haya yanaitwaa kalisi, ambayo wengine huiita kalsiamu, na kazi yake katika seli zinazofunika upande wa ndani wa mishipa ya damu. Fundi cherehani angeziita bitana. Istilahi hiyo inafaa kuliko "utando", maadamu neno utando limekwisha kutwaliwa na ngozi ya seli yenyewe.

Bitana hii ina unene wa seli moja tu. Mwaka wa 1964, Ewald Weibel na George Palade waliieleza baada ya kuitazama kwa hadubini ya elektroni, nao wakaona ndani ya seli zake vifuko vyembamba mfano wa vijiti. Baadaye ilibainika kwamba vifukoni mmehifadhiwa protini ya von Willebrand. Jina hilo linatokana na Erik von Willebrand, daktari wa Ufini ambaye mwaka wa 1926 alieleza ugonjwa wa kuvuja damu katika familia moja ya visiwa vya Åland. Aliyepungukiwa na protini hiyo huweza kutokwa na damu kwa muda mrefu kwa sababu ya jino lililong'olewa tu. Kwa hivyo, swali la nini huvifungua vifuko hivyo linawahusu wagonjwa kabla ya kuwahusu wataalamu.

Vitabu hujibu kwamba kalisi ni mjumbe. Jibu hilo si kosa, lakini linapotosha. Mjumbe hubeba maneno, ilhali kalisi haina neno lolote. Sitiari iliyo karibu zaidi na ukweli imo katika methali: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe haisemi kama ni moto, vita au msiba. Hulia tu, na kila aisikiaye anaujua wajibu wake.

Ili mbiu isikike, sharti mji uwe kimya. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Seli inapotulia, kiwango cha kalisi huru ndani yake ni takribani sehemu 1 kwa 10,000 ya kile kilichomo katika damu. Kimya hicho hakiji bure. Pampu za utando huitoa kalisi nje usiku na mchana, na nyingine huisukuma katika ghala la ndani, yaani retikulamu endoplazimu. Kazi yote hiyo hugharimu nishati.

Panapotokea jeraha, thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, huamsha kipokezi kilicho juu ya seli. Histamini nayo ina kipokezi chake. Ndani ya seli hukatwa mafuta fulani ya utando, na hapo hupatikana molekuli ndogo iitwayo inositoli trifosfeti. Molekuli hiyo hufika ghalani na kufungua milango, kalisi ikabubujika. Ghala likipungukiwa, milango ya utando wa nje nayo hufunguka, na kalisi ya damu huingia kuizidishia mbiu nguvu. Kalmodulini na protini nyingine huinasa, na vifuko huungana na utando na kumwaga vilivyomo. Protini ya von Willebrand, iliyokuwa imekunjwa kama jamvi, hukunjuka kuwa nyuzi ndefu zinazonasa chembe sahani, nazo huziba palipotoboka. (Kitenzi "kumwaga" kimeteuliwa kwa makusudi. "Kutoa" hutumiwa pia kwa taka za mwili, na mwanafunzi akabaki njia panda.)

Hata hivyo, sitiari ya mbiu ina mipaka. Adrenalini huvifungua vifuko hivyo hivyo bila kupandisha kalisi, kwa njia inayotegemea molekuli nyingine, AMP duara. Dawa iitwayo desmopresini hupitia njia hiyo. Mwaka wa 1977 madaktari wa Italia walionyesha manufaa yake, na hadi leo baadhi ya wagonjwa wa von Willebrand hupewa dawa hiyo kabla ya kung'olewa jino, ili bitana imwage akiba yake katika damu mapema.