Kasi ya Feni Kufuata Joto

Feni ya kupooza inayozunguka kwa kasi yake yote muda wote hutimiza kazi, lakini hula umeme bure, hupiga kelele na kuvuta vumbi ndani ya kasha. Ikipunguzwa kasi hadi nusu, hewa inayosukumwa nayo hupungua hadi nusu, ilhali nguvu ya kuisukuma hushuka hadi takriban moja ya nane, na kelele hupungua kwa karibu desibeli 15. Kwa hiyo katika amplifaya au chaja ya betri inafaa feni ipewe kasi kulingana na joto lililopo, si zaidi.

Joto hupimwa kwa thamista, kifaa cha bei ndogo ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Inayotumika sana ina omu 10,000 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 50 hubaki na omu 3,600 hivi. Huungwa mfululizo na rezista ya omu 10,000: thamista upande wa volti 5, rezista upande wa hasi. Volti ya hapo katikati husomwa na maikrokontrola. Kwenye nyuzi 25 ni volti 2.5, na kwenye nyuzi 50 hufika karibu 3.7. Thamista ikining'inizwa hewani ndani ya kasha, habari huchelewa kufika. Mahali pake ni juu ya hitsinki, jirani kabisa na transista inayochemka, ikiwa imepakwa grisi ya kupitisha joto na miguu yake imefunikwa isiguse chuma.

Kisha huwekwa mipaka. Feni inaweza kuanza hitsinki ikifika nyuzi 45, iongeze kasi hatua kwa hatua, na kufika mwisho kwenye nyuzi 65. Kuzima kuwe chini ya pale pa kuwaka, tuseme nyuzi 40, la sivyo feni itawaka na kuzima kila dakika joto likichezacheza kwenye mpaka. Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa ya mchana huvuka nyuzi 30 miezi ya joto, mpaka wa nyuzi 30 ulionakiliwa kutoka mradi wa nchi ya baridi utaifanya feni isipumzike kamwe.

Kasi yenyewe hubadilishwa kwa kukata na kurudisha umeme haraka haraka. Feni ya nyaya mbili hukatiwa umeme na transista ya mosfeti, na daiodi huwekwa sambamba na feni ili kumeza volti inayoruka kila umeme unapokatwa. Kasoro ya njia hii husikika kwa masikio: Arduino Uno, isiporekebishwa, hukata mara 490 kwa sekunde kwenye pini zake nyingi, na koili za feni hulia kwa sauti hiyo. Feni ya nyaya nne ni bora zaidi. Hupewa volti 12 bila kukatwa, na amri ya kasi hupitia waya wake wa pekee kwa mipigo 25,000 kwa sekunde, juu ya upeo wa sikio la binadamu. Aina yoyote itakayotumika, feni iliyosimama huhitaji nguvu zaidi kuanza kuliko kuendelea, hivyo ipewe nguvu zote kwa sekunde moja kabla ya kushushwa.

Sehemu inayosahaulika mno ni hitilafu, nayo ndiyo inayounguza vifaa. Waya wa thamista ukikatika, ukinzani huwa mkubwa kupita kiasi, na programu huona baridi kali. Feni husimama huku transista zikiiva. Katika kipimo cha maikrokontrola cha 0 hadi 1023, usomaji ulio chini ya 20 humaanisha baridi isiyowezekana ndani ya nyumba, na ulio juu ya 1000 humaanisha nyaya zimegusana au moto wa kutisha. Yote mawili yapewe jibu moja: kasi ya mwisho.

Feni ikiwa na waya wa tatu, waya huo hutoa kwa kawaida mipigo miwili kila mzunguko, kwa hiyo mipigo 40 kwa sekunde ni mizunguko 1,200 kwa dakika. Mipigo ikikoma wakati feni imeamriwa kuzunguka, pangaboi zimekwama au mota imekufa, na programu izime mzigo wenyewe kabla hitsinki haijapita kiwango.